Anayekuita kwa Kazi Yako

Ukipita kwenye jengo linalojengwa Uingereza, ni nadra kusikia fundi umeme akiitwa fundi umeme. Wenzake humwita "sparky", kutokana na cheche. Seremala ni "chippy", kwa sababu ya vibanzi vya mbao vinavyoruka anapofanya kazi. Mwashi wa matofali ni "brickie". Anayeleta barua mlangoni ni "postie". Ukivuka bahari hadi Australia orodha inarefuka: mzimamoto ni "firie", mhudumu wa gari la wagonjwa ni "ambo", mzoa taka ni "garbo", na mafundi wote kwa ujumla wao ni "tradies". Majina haya huyakuti kwenye mikataba ya ajira. Ni majina ya mdomoni, ya chai ya saa nne, ya kuitana kutoka juu ya jukwaa la ujenzi.

Anayejua Kiingereza ataona jambo la kushangaza ndani yake. Ule mwisho wa neno, -ie au -y, ndio huohuo wanaowapachika watoto na wanyama wa kufugwa. James akiwa mdogo ni Jimmy. Mbwa akibembelezwa ni "doggy". Kwa hiyo mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye wajukuu na mgongo unaouma, anaitwa kwa namna anavyoitwa mtoto. Anapendwa, au anadharauliwa?

Kumwita mtu kwa kazi yake ni jambo tunalolifanya mara nyingi kuliko tunavyokumbuka. Fundi, konda, dobi, boda, mama mboga, dada wa kazi. Kila mara tunaamua, bila kukaa kikao, ni kiasi gani cha mtu huyo tutakiona na kiasi gani tutakiacha. Na kwa kuwa baadhi ya majina tunayotumia tuliyapokea kutoka Kiingereza, na mengine tunayapokea hivi sasa kupitia simu zetu, inafaa kuanzia huko yalikotoka.

Kuna majina ya utani yanayopanda juu. Daktari wa magonjwa ya akili kwa Kiingereza cha mtaani ni "shrink", kifupi cha neno linalomaanisha mtu anayenywesha vichwa vya watu vikawa vidogo. Mhasibu ni "bean counter", mhesabu maharage. Mkubwa wa ofisi ni "suit", yaani suti tu, nguo isiyo na mtu ndani. Daktari mpasuaji aliwahi kuitwa "sawbones", msumeno wa mifupa. Hakuna heshima hata chembe katika majina haya, lakini sijui mhasibu aliyekosa usingizi kwa sababu ya maharage. Mshahara wake uko palepale, na saini yake bado inatakiwa kwenye malipo ya huyo anayemcheka. Jina linalorushwa kutoka chini kwenda juu linafika likiwa limechoka.

Wapasuaji wenyewe wana kisa kinachofundisha. Kwa karne nyingi Uingereza waliwekwa fungu moja na vinyozi, maana wote walishika wembe, na madaktari waliosoma vyuo vikuu waliwatazama kwa jicho la pembeni. Wao hawakuwa "Doctor". Walikuwa "Mister" tu kama watu wengine. Mwaka 1745 walijitenga na vinyozi wakaunda chama chao. Kazi yao ikapanda hadhi, lakini hawakuidai ile "Doctor". Hadi leo mpasuaji wa Uingereza aliyefaulu mitihani yake huacha kuitwa daktari na kurudi kuwa "Mister" au "Miss", na huona fahari. Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni mahali anaposimama anayeitwa.

Sasa tuweke majina mawili upande kwa upande, maana yametengenezwa kwa namna moja kabisa. Mwaka 1829 Sir Robert Peel alianzisha jeshi la polisi la London, na wananchi wakawapachika askari wake jina lake: kila mmoja akawa "Bobby", ambacho ni kifupi cha Robert. Marekani nako, tajiri aitwaye George Pullman alijenga mabehewa ya kulala ya treni, na kampuni yake ikaajiri wahudumu Weusi kwa maelfu, wa mwanzo wakiwa watu waliokuwa wametoka utumwani. Abiria wakawaita wahudumu hao "George". Wote. Alitandika kitanda, George; aling'arisha viatu, George; alibeba mizigo, George. Kama vile mtumwa alivyobeba jina la bwana wake, mhudumu alibeba jina la mwenye kampuni.

Kwa hiyo Bobby ni mfanyakazi anayeitwa kwa jina la mwanzilishi, na George vilevile. Ukizitazama sarufi zao huoni tofauti. Lakini Bobby alipoitwa Bobby alikuwa na rungu mkononi na sheria nyuma yake. Angeweza kucheka, kununa, au kumkamata aliyemwita. George aliishi kwa bakshishi. Mkono ulioshika sarafu ulikuwa wa mtu yuleyule aliyemwita George, na ili sarafu iondoke kwenye mkono huo, George alipaswa kuitika, tena kwa tabasamu.

Mwaka 1914 mfanyabiashara mmoja wa mbao, Mmarekani mweupe, alianzisha chama cha kupinga tabia hiyo ya kuwaita wahudumu wa treni George. Ungedhani dhamiri ilimuuma. Jina lake lilikuwa George. Chama chake, kilichoanza kwa nusu utani, kilijaa akina George wenzake ambao hawakupenda jina lao liitwe na watu wa mabehewani. Mwaka 1926 kampuni ilikubali kuweka ndani ya kila behewa kibao kidogo chenye jina la mhudumu wa zamu. Ilipohesabu, kati ya wahudumu 12,000 ni 362 tu walioitwa George kweli. Watu zaidi ya elfu kumi na moja walikuwa wakiitikia jina lisilo lao.

Wahudumu wenyewe walikuwa wameshaunda chama cha wafanyakazi mwaka 1925, chini ya A. Philip Randolph. Hawakuanzia kwenye jina peke yake. Walidai mshahara, saa za kulala, na haki ya kukaa meza moja na mwajiri. Iliwachukua miaka kumi na miwili hadi kampuni ikasaini mkataba nao, 1937. Nadhani walijua kitu ambacho wale akina George wa chama cha utani hawakukijua: mtu mwenye mkataba ni vigumu kumwita upendavyo.

Kutoka hapo napendekeza kipimo kimoja cha jina la kazi. Je, anayeitwa anaweza kurudisha? Fundi umeme akiitwa "sparky", naye humwita mwenzake "chippy", na wote wawili wakamcheka msanifu majengo anapokuja na viatu visivyo na tope. Jina linakwenda na kurudi kama mpira. Ule mwisho wa kitoto unakuwa wa udugu kwa sababu kila mmoja kwenye jengo anao. Lakini jina lisiloweza kurudishwa, linalokwenda upande mmoja tu na kubaki huko, linafanya kazi nyingine. Linamkumbusha mtu kila siku mahali anapotakiwa kukaa.

Neno lililofanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko yote katika Kiingereza ni fupi sana: "boy". Kusini mwa Marekani mwanamume Mweusi aliweza kuzeeka na kuzikwa bila mzungu kumwita kitu kingine. Mwaka 1968 katika mji wa Memphis, wazoa taka wawili walijikinga mvua ndani ya lori lao, mtambo wa kushindilia taka ukawabana wakafa. Siku chache baadaye wazoa taka wapatao 1,300 waligoma. Mabango waliyobeba hayakutaja lori, mshahara wala mvua. Yalisema kwamba aliyelibeba ni mwanamume, ni mtu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono na huko ndiko alikouawa, tarehe 4 Aprili. Mgomo uliisha siku kumi na mbili baadaye, chama chao kikatambuliwa na mshahara ukapanda. Wanaume wazima walilazimika kuandika kwenye bango jambo ambalo mtoto mdogo angeliona kwa macho tu, na hiyo inatosha kuonyesha neno "boy" lilikuwa limefanya nini.

Neno hilo lilikuja na kwetu. Wakoloni walipoita "boy", walikuwa wakimwita mpishi, dobi, mtunza bustani, mtu mwenye mke na watoto na shamba kijijini. Kiswahili kikalimeza na kulipa irabu: boi. Likazaa mengine. Msaidizi wa dereva wa lori akawa taniboi. Mwanamke anayepika, kufua na kulea akawa hausigeli. Bendera ilishushwa, maneno yakabaki jikoni.

Tusiwaangushie Waingereza mzigo wote. Kabla "boy" haijashuka melini, pwani yetu ilikuwa na mjakazi na mtwana, maneno ya watumwa, na lugha ilikuwa imeshapata namna ya kuyapunguza zaidi: kijakazi, kitwana. Ile ki- ni ndugu wa -ie ya Waingereza. Humfanya mtu awe mdogo hata akiwa na mvi. Kwa hiyo "boi" ilipofika ilikuta chumba kimeshafagiliwa.

Najua hoja itakayoletwa hapa. Watu wengi wanaosema hausigeli hawana nia mbaya. Ni neno tu walilolikuta. Naikubali sehemu yake ya kwanza. Abiria wengi wa Pullman nao hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamechoka, walitaka mto wa pili, wakaita George. Lakini wepesi huo wenyewe ndio unaotakiwa kutushtua. Ukiweza kumwita mtu kwa neno la kumpunguza bila hata kuhisi kwamba umefanya kitu, maana yake kuna utaratibu mzima unaokufanyia kazi hiyo, nawe huhitaji kutumia chuki yako binafsi. Na ukiniambia kwamba yeye mwenyewe hajali, hata hujiita hivyo kwenye simu, nitakuuliza ana nafasi gani ya kujali. Anayekula na kulala nyumbani kwako hatakusahihisha Kiswahili.

Wengi wetu tumelikwepa neno hilo kwa kukimbilia ukoo. Tunasema dada wa kazi, au dada tu. Hili ni jambo zuri la Kiswahili: mtu asiyejulikana hatumwachi bila undugu. Mpika chakula barabarani ni mama ntilie, yaani mama, nitilie. Muuza mboga ni mama mboga. Wa kiume naye akipika ni baba lishe. Kiingereza hakina ukarimu huu. Lakini undugu ukiitwa lazima uwe na kazi, na hapo ndipo dada anapokwama.

Mtaani kwetu kulikuwa na mwanamke aliyefanya kazi kwenye nyumba moja tangu sijaanza shule. Watoto wa nyumba ile walimwita dada. Wakakua, wakaoa na kuolewa, wakawa wanakuja sikukuu na watoto wao, na watoto hao nao waliambiwa, "Nenda kamsalimie dada." Katika ukoo wa kweli cheo hupanda. Dada wa mama yako humwiti dada. Ni mama mdogo. Dada wa baba yako ni shangazi, ana sauti kwenye mahari na kwenye msiba. Siku ikifika anakuwa bibi, na wajukuu wanamtania. Yule hakupanda. Alibaki dada kwa vizazi viwili, kama mtu aliyesimamishwa kwenye ngazi moja wakati nyumba nzima inampita ikielekea juu. Hakuna aliyemtukana hata siku moja. Hata hivyo hesabu ya ukoo ilionyesha wazi kwamba ule udada ulikuwa jina la kazi.

Kama majina ya chini yanaumiza, basi dawa itaonekana rahisi: tuyapandishe. Marekani wameijaribu dawa hiyo kwa bidii. Anayepanga bidhaa kwenye rafu za Walmart anaitwa "associate", mshirika. Anayemimina kahawa Starbucks anaitwa "partner", mbia. Anayevaa kichwa cha panya kwenye bustani za Disney ni "cast member", mwigizaji mmoja wa kundi. Ni majina yaliyopigwa pasi. Hatuwezi kusema yanatukana. Lakini mshirika kwa Kiswahili ni mtu mwenye sehemu yake katika shirika, na ni haki kumuuliza mshirika wa rafuni ana kauli gani mambo yanapoamuliwa huko juu.

Mahali pengine jina la kupendeza limewahi kuchukua haki ya mtu mchana kweupe. Uber ilisema madereva wake si waajiriwa bali ni wafanyabiashara wanaojitegemea, wabia wa kampuni. Jina hilo lilikuwa na faida kwa aliyelitoa: mfanyabiashara anayejitegemea hadai kima cha chini cha mshahara wala likizo yenye malipo. Madereva wa London walikwenda mahakamani, na tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba kwa mujibu wa sheria wao ni wafanyakazi. Mahakama haikujali wanaitwaje kwenye mkataba. Ilitazama nani anapanga nauli, nani anapanga masharti, nani anaweza kumfungia mwenzake mlango. Lile neno la kawaida kabisa, mfanyakazi, ndilo lililoleta chakula mezani.

Tanzania siku hizi utasikia waendesha bodaboda wakiitwa maafisa usafirishaji. Wakati mwingine huitwa hivyo jukwaani kwa heshima, mara nyingi mtaani kwa utani. Sina ugomvi na utani huo, maana wenyewe huupokea na kuurudisha. Lakini nikiambiwa chagua, nitachagua jina lao la zamani. Bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, pale vijana wenye baiskeli walipowavusha abiria kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, huku wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka: "border, border". Ni Kiingereza kilichopindwa na watu wa kazi kwa ajili ya kazi yao. Hakuna bosi aliyewapa. Neno limebeba mahali, sauti na biashara yenyewe. Uafisa umebeba nini, kama hakuna bima wala pensheni?

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani. Hapo napo jina halikupambwa. Halikusema binti, halikusema msaidizi, halikusema mmoja wa familia. Limesema mfanyakazi, na likaendelea kutaja saa za mapumziko, siku ya kupumzika na ujira. Jina lililo kavu kuliko yote ndilo lililokuja na siku ya mapumziko mkononi.

Hadi sasa nimezungumzia majina tunayopewa na wengine. Kizazi chetu kina shida nyingine, ya jina tunalojipa. Muulize kijana aliyemaliza chuo anafanya nini. Atakuambia napambana, niko kwenye mishemishe, au moja kwa moja: na-hustle. Neno hilo la Kiingereza lina safari ndefu. Lilitoka kwenye kitenzi cha Kiholanzi cha kutikisa, na katika karne ya 17 Waingereza walilitumia kwa kutikisa, hasa sarafu ndani ya kofia kwenye mchezo wa kubahatisha. Katika karne ya 19 Marekani "hustler" alikuwa mwizi au tapeli. Baadaye likamtaja pia anayeuza mwili. Lakini sambamba na hayo lilianza kumsifu mtu mchangamfu asiyekubali kushindwa, na sifa hiyo ndiyo iliyotufikia.

Kenya liliingia hadi Ikulu. William Ruto aliomba kura za 2022 akijiita hustler, mtu wa chini aliyejitafutia, akiwaweka upande mmoja mama mboga, mwendesha boda na mkokoteni. Alishinda Agosti mwaka huo, na Novemba serikali yake ikazindua mfuko wa mikopo wenye jina hilohilo, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa njia ya simu. Naelewa kwa nini neno lilipendwa. Kwa mara ya kwanza watu ambao jina la kazi yao lilitamkwa kwa aibu walilisikia likitamkwa kwa kipaza sauti kama cheo.

Lakini angalia jina hili linavyofanya kazi. Boi alikuwa na bwana, hata kama alikuwa bwana mbaya. Ulijua ni nani wa kudaiwa. Hustler hana. Akilala njaa, amepungukiwa na juhudi. Akikosa ajira, hajatikisa kofia vya kutosha. Hali ambayo imetengenezwa na sera, mashamba yasiyolipa, viwanda visivyokuwepo na shahada zisizo na nafasi, inageuka kuwa tabia ya mtu mmoja. Lile jina linampa sifa na kwa mkono huohuo linamnyang'anya mtu wa kumlaumu. Na ukirudi kwenye ule mchezo wa zamani, kuna swali ambalo sifa hiyo inalificha: kijana huyu ndiye anayetikisa kofia, au ndiye sarafu iliyo ndani?

Neno "gig" nalo ni la namna hiyo. Wanamuziki wa jazi Marekani walilitumia tangu miaka ya 1920 kwa kazi ya usiku mmoja: unapiga, unalipwa, unaondoka. Halikuwa na ubaya, kwa sababu mwanamuziki alijua kwamba usiku una asubuhi. Leo tunaambiwa maisha yote yawe hivyo, kibarua baada ya kibarua, na tunaambiwa kwa lugha ya muziki ili tucheze.

Sisemi tuache kujiita wapambanaji. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni ana haki ya kujisifu. Ninachosema ni kwamba kile kipimo cha kurudisha kinatuhusu hata hapa. Jina unalojipa linapaswa kukuachia uwezo wa kumgeukia mtu na kumdai. Juni 2024, vijana wengi wa Kenya walitoka barabarani kupinga Muswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha, na muswada ukaondolewa. Walikuwa haohao waliosifiwa kwa upambanaji. Siku ile hawakuongea kama wacheza bahati. Waliongea kama walipa kodi, jina lisilo na mahadhi yoyote, ambalo lakini lina mtu upande wa pili anayelazimika kujibu.

Je, kuna jina la kazi linalomwita mtu vizuri? Nadhani lipo, na tunalo. Kiingereza humwita daktari "Doctor" na askari "Officer", lakini huwezi kumsimamisha fundi bomba njiani ukamwita "Plumber!" na ikasikika kama heshima. Kiswahili kinaweza. "Fundi!" unaita, na anageuka mshona nguo, mwashi, makanika, mpiga rangi, na hakuna aliyepungukiwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na huyu ndiye aliyeunda. Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akaongoza nchi hadi 1985, akafariki 1999, na wakati wote huo watu waliendelea kumwita Mwalimu. Kati ya majina yote ambayo dola ingeweza kumpa, lililokaa ni la kazi ya ubao na chaki.

Fundi na mwalimu yanafanana na "sparky" kwa jambo moja: yanataja anachokijua mtu. Kwenye "sparky" kuna umeme. Kwenye "chippy" kuna mbao na mkono ulioizoea. Lakini mtazame boi. Ndani yake hamna kupika, hamna kupiga pasi, hamna kujua moto wa mkaa unataka nini. Mna umri tu, tena wa uongo. Mtazame hausigeli: nyumba na msichana. Mtoto aliyelelewa, homa iliyogunduliwa usiku, ugali usioungua, vyote vimeachwa nje ya jina. Haya majina hayamdharau mtu kwa sababu ya kazi yake. Yanakataa kabisa kukiri kwamba kuna kazi.

Fungua orodha ya namba kwenye simu yako. Nadhani inafanana na yangu: Fundi AC, Fundi Bomba Mpya, Boda Kona, Boda Usiku, Mama Kuku, Dada wa Nguo. Ni njia ya haraka ya kuwakumbuka watu tunaowahitaji haraka, na sioni dhambi ndani yake, mradi tuna uwezo wa kuongeza neno moja la tatu, jina walilopewa na wazazi wao. Na tukumbuke kwamba nao wametuhifadhi. Mahali fulani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mimi ni Mteja Ghorofani, au Boss Geti Jeusi, au lile jina jingine ambalo mwendesha boda huwaonyesha wenzake kijiweni wakacheka. Natumaini ni la kuchekesha kweli, na kwamba siku moja atanitajia.